Laptop ndogo ya inchi 13 kwa ramani na picha za droni: nikate wapi?

MpimaMkonge (Tanga)

Assalaam aleikum wakuu, na habari za jioni kwa wote.

Naomba ushauri wa wanaovijua hivi vitu kwa ndani. Nahitaji laptop ndogo, inchi 12.5 hadi 13.3, isiyozidi kilo moja na nusu, maana itakuwa inapanda bodaboda na Noah kati ya Tanga mjini, Muheza na Pangani mara tatu kwa wiki. Kazi zake: programu ya ramani ya QGIS (mipaka ya mashamba ya mkonge na picha za setilaiti), AutoCAD ya michoro ya 2D tu, kuunganisha picha za droni kuwa ramani moja (kwa kawaida picha 150 hadi 300), na mara mojamoja kukata video ya 4K ya dakika tano hivi. Gemu sichezi.

Bajeti laki tisa, na mtumba sawa tu. Zilizo mezani mpaka sasa:

A – HP EliteBook 830 G5, i5-8350U, RAM GB 8, SSD GB 256.
B – ASUS ZenBook 13 UX331UN, i5-8250U, RAM GB 8, ina kadi ya picha ya NVIDIA MX150 ya GB 2.
C – Lenovo ThinkPad X270, i5-7200U, RAM GB 8.
D – Mpya ya boksi, Celeron N4020, RAM GB 4, hifadhi ya eMMC GB 64.

Moyo unanivuta kwenye B kwa sababu ya ile kadi ya picha. Najua udogo una gharama yake. Prosesa, picha, RAM, betri: kipi naweza kukipunguza bila kujuta baadaye?

FundiBodi_Ngamiani

Waaleikum salaam mkuu. Anza kwa kuitoa D. N4020 ina viini viwili (yaani sehemu mbili tu za kufanya hesabu) na imeundwa kwa wati 6, na kwenye mashine za aina hiyo RAM ya GB 4 mara nyingi imechomelewa kwenye bodi. Windows 11 ikishawaka tu imekula zaidi ya nusu ya hiyo RAM. eMMC nayo ni ndugu ya memori kadi kuliko ilivyo ndugu ya SSD: fungua picha kubwa ya setilaiti huku Windows inajisasisha, kila kitu kinaganda. Upya wa boksi hauongezi kiini hata kimoja.

Kwenye laptop ndogo, kabla ya kuuliza prosesa gani, uliza wati ngapi na joto lake linatokea wapi. i5-8350U, i5-8250U na hata i7-8650U zote zina viini vinne na zote zimepangiwa wati 15. Kazi nzito ikianza, prosesa inaruhusiwa kuvuka hapo kwa muda mfupi, mara nyingi sekunde 28 hivi, ndipo unapoona GHz 3 na kitu. Muda ukiisha inarudishwa kwenye wati 15, na viini vyote vikiwa kazini unabaki na GHz 2 na ushee. Mbio za sakafuni hizo. Kufungua mchoro wa AutoCAD kunaisha ndani ya zile sekunde za mwanzo. Kuunganisha picha za droni kwa saa mbili ni kazi ya wati 15 mwanzo mpaka mwisho. Ndiyo maana kuongeza pesa kutoka i5 kwenda i7 yenye herufi U (ya umeme mdogo) ya kizazi kilekile ni kulipia jina.

Joto la Tanga liweke kwenye hesabu. Feni inapoza kwa hewa iliyopo, basi kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongeza takribani nyuzi moja kwenye prosesa. Mashine iliyofika nyuzi 85 ikipimwa kwenye chumba cha nyuzi 22, iweke Chumbageni mwezi wa pili kwenye nyuzi 32 bila kiyoyozi, itagusa 95. Prosesa hizi zinajipunguza kasi zenyewe zikifikia 100, na watengenezaji wengi huweka kikomo chini ya hapo.

Sasa B. Kwanza, RAM yake imechomelewa. GB 8 uliyonunua nayo ndiyo utakayouza nayo, na kwa picha 300 za droni hiyo peke yake inaitoa mchezoni. Pili, MX150 zipo mbili zenye jina moja. Moja ni ya wati 25, nyingine ya wati 10, na hii ya pili iliwekwa kwenye mashine nyembamba. Ya wati 25 ina kasi ya msingi ya MHz 1469, ya wati 10 ina MHz 937. Stika ya nje haitofautishi. Ili ujue, fungua Device Manager, bonyeza kadi mara mbili, nenda Details, chagua Hardware Ids: ukiona DEV_1D10 ni ya wati 25, ukiona DEV_1D12 ni ya wati 10. Tatu, kwenye mashine nyingi za unene huo prosesa na kadi vinagawana bomba moja la shaba. Kadi ikifanya kazi, prosesa inapunguzwa.

A ina sloti mbili za RAM, na hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye orodha yako. UHD 620, yaani sehemu ya picha iliyo ndani ya prosesa, haina memori yake, inakopa kwenye RAM. DDR4 ya 2400 ikiwa kipande kimoja inapitisha GB 19.2 kwa sekunde, vipande viwili GB 38.4. Wauzaji wengi hukupa GB 8 kipande kimoja na sloti ya pili tupu. Kuijaza hiyo sloti kunasaidia picha kuliko watu wanavyodhani, na kunakupa GB 16 papo hapo. Bodi inakubali mpaka GB 32.

C ni mashine ngumu na nyepesi kufungua, na betri yake ya nyuma unaibadilisha bila kuzima kwa sababu kuna nyingine ndani ya takribani Wh 23. Lakini i5-7200U ni viini viwili, sloti ya RAM ni moja, na prosesa hiyo ya kizazi cha 7 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama ungekuwa mtu wa Linux na QGIS peke yake ningekuambia ichukue. AutoCAD inakufunga.

Kwa hiyo kata kwenye kadi ya picha. Usikate kwenye RAM wala kwenye upoozaji.

Video_Raskazone

Fundi nakuheshimu, ila hapo kwenye kadi umekata kwa panga. Kuna programu mbili zinazomhusu ambazo zinategemea kadi kwelikweli. Agisoft Metashape, ya kuunganisha picha za droni, hutumia kadi wakati wa kulinganisha picha na wakati wa kutengeneza ramani za kina (umbali wa kila doa kutoka kwenye kamera), na hizo ndizo hatua zinazokula muda. DaVinci Resolve, ya kukata video, nayo inapaka rangi na kuchora kila fremu kwa kadi. MX150 ya wati 25 inaipita UHD 620 mara mbili hadi tatu kwenye kazi za namna hiyo. Mtu akipaka rangi video ya 4K kwenye UHD 620, picha inaruka fremu na kazi inachosha.

Ya wati 10 sawa, iache. Lakini 1D10 kwenye mashine ya kilo moja na ushee si kitu cha kudharau, na mkuu hajasema anatumia programu gani kuunganisha picha.

FundiBodi_Ngamiani

Kwa Metashape uko sahihi kabisa, na akijibu kwamba anaitumia, nitabadilisha neno langu kwa sehemu.

Kwa video bado nasimama. MX150 haina sehemu ya kusimba video, ile ambayo kadi kubwa za NVIDIA zinayo. Wakati wa kutoa faili la mwisho la H.264 au H.265, kazi inarudi kwa Quick Sync, sehemu ya kusimba video iliyo ndani ya prosesa ya Intel, na hiyo A anayo vilevile. Memori ya GB 2 nayo: weka mradi wa 4K kwenye Resolve, ongeza tabaka mbili za rangi na kupunguza chengachenga, utaletewa ujumbe kwamba memori ya kadi imejaa. Video ya dakika tano mara mojamoja inatatuliwa kwa nakala nyepesi za 1080p: unakata kwenye nakala, unatoa faili kutoka kwenye asili. Video za droni nyingi ni H.264 au H.265 za rangi 4:2:0, na UHD 620 inazifungua zote mbili bila kuisumbua prosesa. Kinachoishinda ni 4:2:2 ya bit 10 ya kamera kubwa, yenye rangi nyingi zaidi, na hapo unahitaji prosesa ya kizazi kipya zaidi.

MpimaMkonge (Tanga)

Shukrani sana wote. Natumia WebODM, si Metashape. Inapita kwenye Docker (programu ya kuendeshea programu nyingine zikiwa zimefungashwa) ndani ya Windows.

Ramani_Muheza

Basi ndugu yangu jibu lako liko kwenye RAM. Mwongozo wa OpenDroneMap, mradi unaotoa WebODM, wenyewe unataja GB 4 kwa picha kama 40, GB 16 kwa picha kama 250, GB 32 kwa kama 500. Wewe unafika 300, yaani umevuka ukingo wa 16. Nunua vipande viwili vya GB 16, au anza na 8 mara mbili huku ukijua picha zikipita 250 utapunguza ubora.

Kuna mtego ambao watu wa Docker wanaingia kila siku. Kwenye Windows, Docker inapita WSL2 (Linux iliyo ndani ya Windows), na WSL2 kwa kawaida inapewa nusu tu ya RAM ya mashine. Umeweka GB 16, WebODM inaona 8, kazi inakufa katikati bila maelezo ya kueleweka na watu wanalaumu prosesa. Tengeneza faili la maandishi liitwalo `.wslconfig` ndani ya folda yako ya mtumiaji, andika mstari wa kwanza `[wsl2]` na wa pili `memory=12GB`, hifadhi, kisha kwenye dirisha la amri andika `wsl --shutdown` na uwashe Docker upya. Hakikisha faili halijaishia na `.txt`, kosa hilo ni la kawaida kweli. Ukiwa na GB 32 andika 26.

Ukiwa shambani huhitaji ramani ya mwisho. Unahitaji kujua kama kuna kipande droni imekiruka. Washa `fast-orthophoto`, shusha `feature-quality` iwe low, na `orthophoto-resolution` iweke 10, maana yake sentimita 10 kwa kila doa. Kazi nzito iache mpaka ufike kwenye umeme. `max-concurrency` (idadi ya kazi zinazokwenda kwa pamoja) ukiishusha kutoka 8 hadi 4 inapunguza RAM inayohitajika kwa wakati mmoja na joto pia. Muda unaongezeka, ila mashine ya wati 15 haipotezi kiasi ambacho mtu angetegemea, kwa sababu viini halisi ni vinne tu, na kila kimoja bado kina kazi.

Diski ya GB 256 haitoshi. Mradi mmoja unakula nafasi mara kadhaa ya ukubwa wa picha zenyewe kabla haujaisha. 830 G5 inakubali SSD ya kasi ya aina ya NVMe, ya M.2 yenye kipimo cha 2280, weka ya TB 1.

Kwa QGIS prosesa yako inatosha. Ikisuasua, mara nyingi kosa ni la faili: picha isiyo na matoleo madogo ndani yake. Endesha `gdaladdo` kwa 2 4 8 16 kwenye GeoTIFF (faili la picha ya ramani) yako, utaona inavyofunguka.

Jambo moja ambalo halipo kwenye orodha yako: EliteBook 835 G7 yenye Ryzen 5 PRO 4650U. Ni inchi 13.3 ileile, sloti mbili za RAM, ila viini ni sita kwa wati zilezile 15, na RAM inakwenda kwa 3200. Kwa kuunganisha picha, viini sita vinavyokwenda taratibu vinawashinda vinne vinavyobanwa. Sehemu yake ya picha ya ndani, Vega 6, pia inaipita UHD 620. Ikipatikana ndani ya laki tisa, A iache. Kinachokosekana ni Thunderbolt (tundu la kuunganisha vifaa kwa kasi kubwa), na kwa kazi zako hutaiulizia.

Bweni_Pangani

Hakuna aliyetaja MacBook Air ya M1? Haina feni, betri ni Wh 49.9, na kwa video inazipita zote hizi nne.

Ramani_Muheza

Kwa video nakubaliana nawe dada. Lakini RAM na diski havibadilishwi, ya GB 8 inamrudisha palepale alipo na B, na ya GB 16 kwa laki tisa ni ngumu. AutoCAD ya Mac nayo haina kila kitu kilichomo kwenye ya Windows. Kutokuwa na feni ni raha kwenye vumbi jekundu la njia ya Amani, ila kwa kazi ya saa mbili kwenye joto letu inashusha kasi baada ya dakika chache, na hakuna utakachofanya.

MpimaMkonge (Tanga)

Nimeelewa. Naitafuta 835 G7, ikikosekana nachukua A. Nikifika dukani nipime nini kabla sijatoa hela?

FundiBodi_Ngamiani

Nenda na flashi yenye HWiNFO (inaonyesha joto na wati), CrystalDiskInfo (afya ya diski) na Cinebench R23 (inaitwisha prosesa mzigo), na uombe nusu saa. Muuzaji anayekataa nusu saa mwache na laptop yake.

Kabla ya Windows, izime, iwashe huku unabonyeza F10. Ikikuomba nywila ya BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), ondoka. Mashine hizi zimetoka maofisini Ulaya na Marekani, na nywila hiyo kwenye HP za kazini haitoki kwa kuchomoa betri ndogo ya bodi. Ndani ya BIOS tafuta Absolute (mfumo wa mwenye mashine kuifuatilia na kuifunga kwa mbali), na iwe haijawashwa. Kisha, kama muuzaji anakubali, rudisha Windows mwanzo na uunganishe intaneti: likitokea jina la kampuni fulani likikuomba barua pepe ya kazini, mashine bado iko kwenye vitabu vya wenyewe, na itakusumbua kila utakapoweka Windows upya.

RAM: fungua Task Manager, sehemu ya Memory. Inakuambia sloti ngapi zimetumika kati ya ngapi. Ukiona maneno Row of chips mahali pa SODIMM (kipande cha RAM kinachochomoka), imechomelewa, hata muuzaji aape vipi.

Betri: kwenye dirisha la amri andika `powercfg /batteryreport`, fungua faili linalotokea, linganisha ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. 830 G5 ilitoka na takribani Wh 49. Ukikuta 34, kwa matumizi ya wati 8 hiyo ni saa nne na robo, na upunguziwe bei ya betri. Chini ya 25, hesabu kwamba hakuna betri. Weka laptop juu ya meza tambarare: ikiyumba, au pedi ya kugusia (touchpad) imeinuka au haibonyezeki, betri imevimba, usiinunue ukidhani utaitoa kesho.

Joto sasa, na hapa usifanye haraka. Chomeka umeme, washa HWiNFO, endesha Cinebench ya viini vyote kwa dakika 10. Tazama namba mbili, wati za prosesa na nyuzi. Zikitulia kwenye wati 15 na nyuzi 75 hadi 85, mashine ni nzima na kasi inayoshuka ni ya kawaida. Wati zikishuka hadi 9 au 10 huku nyuzi ziko 95, feni imeziba au pesti ya prosesa (ya kupitisha joto) imekauka. Hilo halikuzuii kununua, linatibika: fungua kifuniko cha chini, chomoa waya wa betri kwanza, legeza skrubu za kipoza joto kwa zamu kufuata namba zilizochorwa, futa pesti ya zamani kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, weka mpya kiasi cha punje ya mchele kwa prosesa ya Intel. Ya Ryzen ina kipande kimoja kikubwa zaidi cha silikoni, ongeza kidogo. Shikilia mapanga ya feni kwa kidole unapopuliza vumbi, yakizungushwa na upepo wa pampu bea inaharibika. Ukikuta ukijani kwenye shaba au kwenye viungio vya waya, hiyo ni chumvi ya bahari, kagua kila kiungio kabla ya kufunga.

Kioo: baadhi ya EliteBook zina Sure View, kioo cha kuzuia jirani asione. Kwenye F2 kuna alama yake. Vizazi vya mwanzo vinafifisha rangi hata kikiwa kimezimwa, na kwa mtu wa ramani za rangi na kazi za juani hicho hakifai. Kitoe nje ya duka ukione kwenye jua.

Mwisho jaribu tundu la USB-C kwa chaja yake, utikise waya kidogo uone kama chaji inakatika. Tundu hilo likiwa zima unaweza kuchajia hata kwenye gari, ila chaja ya simu ya 5V au 9V haitaiamsha. Tafuta iliyoandikwa 20V 3.25A, yaani wati 65, na waya uwe wa USB-C pande zote mbili.

Ramani_Muheza

Niongeze hapo kwenye RAM: ukinunua kipande cha pili, omba DDR4 SODIMM ya volti 1.2, pini 260. Kwenye 830 G5 hata ya 3200 itaingia, itakwenda kwa 2400. Kwenye 835 G7 usichanganye: ukiweka 2400 pembeni ya 3200 zote zinashuka, na picha za Vega ndizo zinazoumia. Ukishafunga, angalia kwa CPU-Z kwamba chaneli ni mbili, halafu iache MemTest86 (kipimo cha makosa ya RAM) izunguke usiku mzima kabla hujaipeleka shamba.